Ringi Zilizopinda

Barabara hii mimi huisoma kwa ringi.
Ikinijia imekunjika kama tarakimu nane, najua:
kona ya Isevya, saa moja asubuhi,
gari lilikuwa na haraka, baiskeli haikuwa na pa kukimbilia.
Ikiwa imebonyea upande mmoja tu,
mtu ameona heri mtaro kuliko bampa.
Spoki nazihesabu baadaye. Kwanza naangalia kama kuna damu.

Tabora ilikuwa ya baiskeli kabla ya kuwa ya lami.
Asali iliingia mjini juu ya keria, madebe mawili mawili;
godoro, mbuzi wa sadaka, mgonjwa wa kupelekwa Kitete,
na mkaa, gunia juu ya gunia,
mpaka ukadhani mkaa unatembea wenyewe.
Mwenda pole hajikwai, walisema.
Waliosema hivyo hawakuiona Fuso.

Lami ilipokuja tulipiga vigelegele.
Hata mimi; vumbi lilikuwa limenimaliza kifua.
Hakuna aliyeuliza: na sisi je, tutapita wapi?
Wakachora mstari mweupe pembeni,
mwembamba kama uzi wa kushonea,
wakasema, nyinyi piteni hapo.
Juu ya uzi huo sasa kuna meza ya vocha,
lundo la kokoto la mtu anayejenga tangu juzi ile,
bodaboda tatu,
na shimo ambalo mfuniko wake uliuzwa chuma chakavu.

Daftari langu linasema:
Machi, ringi kumi na tisa.
Aprili, mvua, ishirini na sita,
na baiskeli moja ndogo ya bluu.
Baba yake aliileta begani.
Akasema, fundi, inyooshe, nitaipitia Jumamosi.
Siti ile niliishusha mimi, mara mbili,
ili miguu ya Nyamizi ifike kwenye pedeli.
Jumamosi haijafika.
Ipo pale ukutani. Nimeinyoosha. Kengele inalia.

Mimi si mtu wa mikutano,
lakini nilikwenda ofisi ya mtaa na ringi tatu,
nikazilaza mezani juu ya makaratasi.
Mtendaji akayavuta makaratasi yake kwa chini, taratibu.
Barabara si yetu, akasema, ni ya wakubwa. Andikeni barua.
Tukaandika.
Mama Kashindye wa maandazi hakuandika.
Alisimama katikati ya lami mbele ya shule,
beseni kichwani, mkono juu,
kila asubuhi, watoto wakipita nyuma ya khanga yake.
Madereva walimtukana mpaka matusi yakawaishia,
mmoja akaanza kumsalimia: mwangaluka, mama.

Mwalimu Sizya akaleta rangi, ndoo moja, ya kuchangishana.
Tulichora kivuko usiku kwa taa ya simu.
Mistari ilitoka imepinda, nacheka kila nikiiona;
wa tatu una nyayo za kuku.
Matuta mawili yakaja Septemba.
Kama ni barua, au ni lile gari la mkubwa
lililotumbukia mtaroni likimkwepa mbuzi,
hatukuambiwa.

Mwezi huu ringi saba.
Mke wangu anauliza, saba tutakula nini?
Namwambia, kidogo.
Sijui hata namna ya kuomba sita.

Bado. Meza ya vocha ipo, shimo lipo,
usiku pikipiki hupita bila taa kama popo.
Lakini leo asubuhi kijana mmoja wa darasa la kwanza
amefika katikati ya kivuko akakumbuka kiatu chake.
Ameinama. Anaifunga kamba
kama alivyofundishwa, sikio moja, sikio la pili, limefumuka, anaanza upya.
Fuso ya tumbaku imesimama mbele yake.
Inanguruma, inatetemeka mpaka turubai,
lakini imesimama.

Nimeshika spana, sipumui.
Funga, mwanangu.
Funga na cha pili.